Seli Tupu na Sifuri: Hatari Iliyomo katika Makro za Hesabu za Vyama

Katika kila jedwali la mapokezi ambalo chama cha msingi hupeleka kwa Chama Kikuu, hukutwa visanduku vya namna mbili ambavyo kwa mtazamo wa haraka hufanana, ilhali maana zake ni mbali mbali kabisa. Kimoja kimeandikwa sifuri. Cha pili hakikuandikwa kitu. Sifuri ni taarifa kamili: kituo kilifunguliwa, mizani ilitundikwa, karani alikaa mezani hadi jioni, na hapana mkulima aliyeleta zao. Kisanduku kitupu si taarifa, bali ni kukosekana kwa taarifa. Huenda karatasi ya kituo haijafika; huenda karani aliruka mstari wakati wa kunakili; huenda tena mwanachama yule hahusiki kabisa na safu ile. Mambo yote matatu yana sura moja tu mbele ya msomaji, yaani weupe.

Katika daftari la mkono jambo hili halikuleta matata makubwa, kwa sababu kanuni ya utunzaji wa vitabu ilikuwa inajulikana: nafasi isiyotumika hupigwa mstari wa wino ili asije mtu akaijaza baadaye, na siku isiyokuwa na mapokezi huandikwa neno HAKUNA, kisha karani akatia saini. Aliyefungua daftari alitambua mara moja kipi kimepimwa na kipi kimesahauliwa. Kompyuta haina desturi hiyo. Programu za lahajedwali, ambazo kwa kompyuta ndogo zilianza na VisiCalc mwaka 1979, na baadaye zikafuatwa na Excel mwaka 1985, zilitengenezwa ili zihesabu upesi. Na zinapokutana na seli tupu katikati ya hesabu hazisimami kumwuliza mtu. Huchagua zenyewe la kufanya. Mara nyingine huihesabu kuwa ni sifuri, mara nyingine huipita kana kwamba haipo.

Tangu mwaka 1993 Excel imekuwa na lugha ya Visual Basic ya kuandikia makro, yaani mfululizo wa amri ambao huandikwa mara moja na kompyuta ikaurudia kila unapohitajiwa. Vyama vinavyotunza orodha za malipo kwa njia hii vimepunguza kazi ya siku nyingi ikawa ya dakika chache. Hilo ni jambo jema, wala makala haya hayakusudii kuwarudisha makatibu kwenye kalamu na karatasi. Lakini makro hurudia kosa kwa bidii ile ile inayorudia haki, na kosa la kuchanganya utupu na sifuri ni gumu kuonekana kuliko makosa mengine yote ya hesabu.

JUMLA HAISEMI

Sababu ya ugumu huo ni kwamba jumla haibadiliki. Chukuliwe mfano wa chama kimoja cha kahawa chenye vituo vitano. Katika juma moja kituo cha kwanza kimepokea kilo 1,240; cha pili kilifunguliwa lakini hakikupata kitu, kwa hiyo kimeandika 0; karatasi ya kituo cha tatu haijafika, na seli yake ni tupu; cha nne kimepokea kilo 860; na cha tano kilo 900. Jumla ni kilo 3,000. Seli tupu ijazwe sifuri, jumla ni 3,000. Sifuri ya kituo cha pili ifutwe, jumla ni 3,000 vile vile. Katibu aliyezoea kusahihisha jedwali kwa kulinganisha jumla ya chini na jumla ya pembeni atatia saini akiwa ameridhika.

Sasa meneja anataka wastani wa kituo kimoja ili akadirie fedha za malipo ya awali kwa juma linalofuata. Kwa jedwali lilivyo, amri ya AVERAGE itaipita seli tupu na kugawanya kwa vituo vinne, jibu likawa kilo 750. Kama makro imekwisha kuijaza seli ile sifuri, mgawanyo utakuwa kwa vituo vitano, na jibu ni kilo 600. Kama mtu mwingine, kwa kupenda jedwali lisilo na sifuri nyingi, ameifuta ile ya kituo cha pili, mgawanyo ni kwa vitatu, na jibu ni kilo 1,000. Majibu matatu kutoka karatasi moja! Tukadirie malipo ya awali ni shilingi 2,000 kwa kilo. Kwa vituo vyote vitano, wastani wa 600 utaleta fedha za kilo 3,000, ambazo ni pungufu kwa kilo 750 zikilinganishwa na wastani wa 750. Huo ni upungufu wa shilingi 1,500,000. Wastani wa 1,000 utapeleka vituoni shilingi 2,500,000 zaidi ya zinazohitajiwa, zikalale kwenye masanduku ambayo si kila moja lina kufuli ya kuaminika.

Ikumbukwe kwamba hata lile jibu la 750 si sahihi kwa asili yake. Ni sahihi kwa sharti kwamba kituo cha tatu kweli kilifanya kazi na karatasi yake iko njiani. Ikiwa kituo hicho kilifungwa juma lile, hesabu ni nyingine tena. Kompyuta haiwezi kujua. Anayejua ni karani wa kituo, na baada yake katibu aliyemwuliza.

Hali ni hiyo hiyo katika kupima uwezo wa mwanachama kukopa. Mwanachama ambaye rejesta inaonyesha kilo 620, kisha seli tupu, kisha kilo 580 kwa misimu mitatu, ana wastani wa kilo 600 ikiwa karatasi ya msimu wa kati ilipotea, na wastani wa kilo 400 ikiwa msimu ule jua lilichoma na hakuvuna kitu. Majibu yote mawili ni ya haki, kila moja kwa tukio lake. Lisilo la haki ni kumpa mmoja jibu la mwingine.

NAMNA EXCEL INAVYOISOMA SELI TUPU

Makatibu wengi hudhani kwamba seli tupu hubaki tupu popote inapotajwa. Sivyo. Seli nyingine ikiandikiwa =C7, na C7 ikawa tupu, matokeo yatakayoonekana ni 0. Amri ya VLOOKUP, ambayo hutumiwa sana kuvuta takwimu za mwanachama kutoka rejesta kwa namba yake, nayo hufanya vivyo hivyo: ikiikuta seli tupu huleta sifuri. Kwa njia hiyo jedwali la pili linalotengenezwa kutokana na la kwanza huweza kujaa sifuri ambazo hakuna mtu aliyeziandika, na anayelipokea jedwali la pili pekee hana tena alama yoyote ya kumwonyesha kwamba hapo awali palikuwa patupu.

Excel ikiulizwa kama C7 tupu ni sawa na sifuri, itajibu kwamba ni kweli. Ikiulizwa kama C7 hiyo hiyo ni sawa na maandishi yasiyo na herufi, yaani alama mbili za nukuu zilizokaa pamoja, itajibu pia kwamba ni kweli. Seli yenye sifuri halisi hujibu kweli kwa swali la kwanza tu. Kwa hiyo swali la sifuri pekee halitenganishi kitu. La utupu ndilo litenganishalo, na hapana budi liulizwe kwanza.

Katika kuzidisha, seli tupu huwa ni sifuri. Kilo 300 zikizidishwa kwa bei ambayo bado haijaingizwa, mwanachama ataandikiwa malipo ya shilingi 0. Cha ajabu, kama aliyetengeneza jedwali alitumia amri ya PRODUCT badala ya alama ya kuzidisha, seli tupu itapitwa, na mwanachama huyo ataandikiwa shilingi 300. Amri za MIN na COUNT nazo huipita. Mtu asishangae basi kuona mafaili mawili ya vyama jirani, yaliyotengenezwa na vijana wawili wenye ujuzi ulio sawa, yakitoa majibu yasiyofanana kwa takwimu zile zile.

MAKRO INAYOFUTA WATU

Hatari kubwa zaidi iko ndani ya makro, na inafaa ielezwe kwa tukio ambalo ni rahisi kutokea katika chama chochote. Wakati wa malipo ya pili, orodha ya wanachama wote huwa ndefu, na katibu hutaka kubaki na wale waliouza tu. Makro huandikwa kwa maneno mepesi: pita kila mstari, kilo zikiwa sawa na sifuri, futa mstari huo. Makro inapofika kwa mwanachama wa kituo ambacho karatasi yake haijaingizwa, hukuta seli tupu. Katika lugha ya Visual Basic utupu huo, ambao huitwa Empty, ukilinganishwa na sifuri huhesabiwa kuwa ni sawa. Mstari unafutwa. Haukuwekwa alama, haukuhamishwa mahali pengine. Umeondoka pamoja na jina na namba ya uanachama.

Siku ya malipo mkulima huyo anafika na stakabadhi tatu za mizani mfukoni, jumla kilo 340. Kwa malipo ya pili ya shilingi 500 kwa kilo anadai shilingi 170,000, fedha ambazo huenda alikwisha kuziahidi kwa mwalimu mkuu kuwa ada. Anaambiwa jina lake halipo. Akisisitiza, anaambiwa kompyuta inaonyesha kwamba hakuuza. Hapo ndipo maneno ya wizi huanza kusemwa, na mara nyingi husemwa dhidi ya karani wa mizani, mtu ambaye kwa kweli alifanya kazi yake na kutoa stakabadhi. Chama kinaweza kumlipa mkulima baadaye. Lakini imani aliyokuwa nayo alipotoka nyumbani asubuhi haiandikwi kwenye hundi.

Kosa hilo lina upande wa pili, ambao huwaumiza wanachama wengine wote. Makro ya makato huamriwa hivi: mwanachama ambaye deni lake la pembejeo ni sifuri, alipwe chote. Ambaye hati yake ya mkopo haijaingizwa ana seli tupu, naye kwa mantiki ile ile atahesabiwa kuwa hana deni. Atalipwa kamili na kwenda zake, na deni litabaki likiwalemea wenzake hadi litakapofuatiliwa, kama litafuatiliwa.

Mitego mingine ya lugha hiyo ni myembamba zaidi. Waandishi wengi wa makro hujikinga kwa kuuliza kwanza kama kilichomo kwenye seli ni namba, wakitumia IsNumeric. Kinga hiyo haitoshi, kwa kuwa IsNumeric ikipewa seli tupu hujibu kwamba ndiyo, ni namba. Vile vile makro ikihamishia yaliyomo kwenye seli ndani ya kihifadhi kilichotangazwa kuwa ni cha namba, kama vile Double, utupu hugeuka kuwa sifuri papo hapo, na swali lolote litakaloulizwa baada ya hapo limechelewa. Kihifadhi cha aina ya Variant ndicho kinachoweza kuubeba utupu bila kuugeuza. Kwa hiyo mpangilio ulio salama ni huu: yaliyomo yapokelewe katika Variant, liulizwe kwanza, kwa IsEmpty, kama seli ni tupu, ikiwa ni tupu, mstari upelekwe kwenye orodha ya wanaosubiri taarifa, ikiwa si tupu, ndipo iulizwe kama ni namba, na mwisho kabisa iulizwe kama ni sifuri. Mwenye kugeuza utaratibu huo amerudi pale pale.

Kuna pia makro zinazotembea kutoka juu kwenda chini na kuamriwa zisimame zinapokuta seli tupu, kwa dhana kwamba utupu ni mwisho wa orodha. Orodha ya watu 400 ikiwa na pengo katika mstari wa 57, wanachama walio chini ya pengo hilo hawataguswa, na makro itamaliza kazi yake kwa utulivu bila kutoa onyo lolote. Dawa yake ni kuongoza safari kwa safu ya namba za uanachama, ambayo haina haki ya kuwa na pengo, na kuutafuta mwisho wa orodha kwa kuanzia chini ya jedwali kupanda juu.

UTUPU WA UONGO NA SIFURI ZILIZOFICHWA

Si kila kinachoonekana kitupu ni kitupu. Karani anapotaka kufuta namba na badala ya kitufe cha Delete akabonyeza kitufe cha nafasi, seli hubaki na nafasi moja isiyoonekana kwa macho. Hiyo ni maandishi. AVERAGE itaipita, COUNTA itaihesabu, na seli inayojaribu kuijumlisha kwa alama ya kujumlisha itatoa kosa la #VALUE!. Huyo angalau amepiga kelele.

Fomula nazo huzaa utupu wa uongo. Ili kuzuia sifuri zisizo na maana, wengi huandika =IF(C7="","",C7*D7), na kwa kuangalia tu matokeo ni mazuri: C7 ikiwa tupu, jibu nalo huonekana tupu. Lakini seli yenye fomula si tupu kamwe. ISBLANK ikiulizwa itakana, na IsEmpty ndani ya makro itakana pia. Hata fomula zikiondolewa kwa kunakili na kubandika matokeo peke yake, maandishi yale yasiyo na herufi hubaki ndani ya seli. Kwa ajili hiyo, palipo na uwezekano wa nafasi au fomula, makro ipime urefu wa maandishi baada ya kuondoa nafasi kwa amri ya Trim. Urefu ukiwa sifuri, seli ichukuliwe kuwa tupu. Kipimo hicho hakiidhuru sifuri halisi, kwa kuwa ina urefu wa tarakimu moja.

Upande wa pili wa jambo hili ni sifuri zilizofichwa. Excel ina chaguo la kutoonyesha sifuri katika jedwali zima, na mtindo wake wa kuandika fedha za kihasibu huionyesha sifuri kama kistari. Karatasi iliyochapishwa kwa mtindo huo ikibandikwa ukutani, mwanachama hawezi kujua kama kistari kinamaanisha kwamba hakuuza au kwamba taarifa zake hazijafika. Jedwali linalokwenda ukutani au mezani kwa bodi halistahili kufichwa sifuri zake, hata kama kwa kufanya hivyo litaonekana limejaa.

TAREHE NA MAHALI

Utupu ukiingia kwenye tarehe hujitangaza wenyewe, ikiwa kuna mtu wa kuangalia. Seli ya tarehe inapovutwa kutoka seli tupu, jedwali huonyesha 00/01/1900, siku ambayo haimo katika kalenda yoyote; na ndani ya Visual Basic sifuri ya tarehe ni 30/12/1899. Chama kinachotoza riba kwa siku kikikokotoa kutoka sifuri hiyo hadi tarehe 1 Julai 2024 kitapata siku 45,474, zaidi ya miaka 124. Hakuna mwanachama atakayelipa riba ya namna hiyo, na ndiyo maana kosa la tarehe hugunduliwa mapema kuliko la kilo. Mkaguzi akiona mwaka 1899 au 1900 katika orodha ya mikopo, hana haja ya kutafuta zaidi: kuna hati ambayo haikujazwa.

Jambo la mahali ni jipya na linahitaji uangalifu mkubwa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya kuhusu ukataji wa misitu, iliyopitishwa mwaka 2023 na inayoihusu kahawa miongoni mwa mazao mengine, inataka shamba lilikotoka zao lijulikane kwa vipimo vya latitudo na longitudo. Kwa sababu hiyo rejesta za wanachama zimeanza kuwa na safu mbili za vipimo hivyo. Mashamba ya pande za Moshi yako karibu na latitudo -3.3 na longitudo 37.3. Mwanachama ambaye shamba lake halijapimwa ana seli mbili tupu, na makro ikizigeuza kuwa sifuri, shamba lake litahamia mahali ambapo ikweta hukutana na mstari wa longitudo 0. Mahali hapo ni baharini, katika Ghuba ya Guinea, kusini mwa Ghana. Wachora ramani wamepabatiza kwa mzaha jina la Null Island kutokana na wingi wa takwimu zinazotua hapo kwa kosa hili hili. Kisiwa chenyewe hakipo, kuna boya la kupimia hali ya hewa. Mnunuzi wa Hamburg atakayeona kahawa ya mkulima wa Kilimanjaro imelimwa baharini hatacheka. Atalitilia shaka fungu zima.

Hata hapa mtu asiseme kwamba kila sifuri ni kosa. Ikweta inapita Kenya na Uganda, karibu na Nanyuki na vile vile Kayabwe katika barabara ya Kampala kwenda Masaka, na shamba lililo juu ya mstari huo lina latitudo ya sifuri au karibu na sifuri kwa haki kabisa. Longitudo ya sifuri ndiyo isiyowezekana Afrika Mashariki. Makro inayokataa sifuri zote itamkosea mkulima wa huko kama ile inayozipokea zote inavyomkosea wa hapa.

LA KUFANYA KATIKA OFISI ZA VYAMA

Njia iliyo imara ni kutoiachia seli ya kilo ijieleze yenyewe. Kando ya safu ya kilo iongezwe safu moja ya hali, yenye herufi moja tu: P kwa kilichopimwa, S kwa taarifa inayosubiriwa, na H kwa asiyehusika. Sifuri yenye P ni sifuri ya kweli. Seli tupu yenye S ni deni la ofisi kwa mwanachama, na isihesabiwe katika wastani wala isitumike kumfuta mtu. Sifuri isiyo na herufi yoyote irudishwe kwa aliyeiandika. Wako wanaopendekeza kuandika maneno kama HAIJALETWA ndani ya safu ya kilo yenyewe. Hilo hufaa kwa jedwali la kusomwa, lakini katika jedwali la kuhesabiwa huleta makosa kila palipotumika alama ya kujumlisha au kuzidisha, na karani aliyechoka huishia kuyafuta maneno hayo na kuweka sifuri.

Kila makro, iwe imeandikwa na kijana wa chama au imenunuliwa, ijaribiwe kwa jedwali dogo kabla ya kuguswa orodha halisi. Jedwali hilo liwe na mistari mitano: mmoja wenye kilo 100, wa pili wenye 0 iliyoandikwa kwa mkono, wa tatu mtupu kabisa, wa nne wenye nafasi moja tu, na wa tano wenye fomula inayotoa utupu. Matokeo ya mstari wa pili na ya mstari wa tatu yakifanana, makro hiyo haijawa tayari kutumika, hata kama aliyeiuza anasema inatumika kwingineko. Mstari wa tatu, wa nne na wa tano yapasa ijibiwe kwa namna moja. Jaribio hili ni la dakika kumi, na bodi ina haki ya kudai lifanyike mbele yake. Makro yoyote inayofuta mistari ibadilishwe iwe inahamisha: mistari inayoondolewa ipelekwe kwenye karatasi nyingine ya faili hilo hilo, ichapishwe, na katibu aitie saini kabla ya malipo.

Yabaki mafaili ya misimu iliyopita, ambamo seli tupu zilikwisha kujazwa sifuri. Hapo hakuna amri ya kompyuta inayoweza kutenganisha tena kilichopimwa na kilichosahauliwa, kwa kuwa sifuri zote zimekuwa za sura moja. Njia iliyobaki ni ya karatasi. Kila mwanachama mwenye sifuri katika msimu ambao wenzake wa kituo kile waliuza atafutwe katika nakala za vitabu vya stakabadhi za mizani. Palipo na stakabadhi, sifuri ifutwe na kilo ziandikwe pamoja na namba ya stakabadhi hiyo. Palipokosekana stakabadhi, mwanachama aitwe na aulizwe, na jibu lake liandikwe. Kwa hiyo vitabu vya stakabadhi visichomwe wala visiuzwe kwa wafungaji wa karanga eti kwa sababu takwimu zake zimekwisha kuingia kwenye kompyuta. Vifungwe kwa kituo na kwa msimu, vitiwe namba, na viwekwe mahali pasipovuja wala kufikiwa na mchwa.